Mama anataka upande wa demani

Somo, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Lamu, mwaka wa kumi na moja sasa naishi Kent, jirani na Seattle, na kazi yangu ni uuguzi. Mama yangu ana miaka 71, yuko kwangu tangu Februari, amekuja kuona wajukuu. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, akibeba boriti kutoka Lamu kwenda Mombasa, na miaka yote hiyo kazi ya mama ilikuwa kungoja. Hajapata kulala chomboni hata usiku mmoja. Nimedunduliza pesa za zamu za ziada, na mwezi wa Juni nataka kumpeleka Alaska kwa meli ya kitalii, siku saba. Tunatoka Seattle, tunakwenda Juneau, Skagway, Glacier Bay na Ketchikan, tunasimama Victoria jioni moja, kisha tunarudi Seattle.

Nataka chumba chenye roshani, maana mama hawezi kusimama sana, magoti yanamsumbua. Akae kitini na chai yake, bahari iwe mbele yake. Basi hapo ndipo penye vita. Kaka yangu aliye Toronto anasema nisithubutu kuchukua kushoto, kwa sababu ukienda kaskazini nchi kavu iko kulia. Shoga yangu wa kazini alikwenda mwaka juzi, naye anaapa kwamba kushoto ndiko alikowaona nyangumi. Kaka akazidisha, akaleta hadithi ya Waingereza matajiri wa zamani, eti wakienda India walikata tikiti ya vyumba vya kushoto, na wakirudi vya kulia, na ndiko lilikotoka neno lao "posh", la mambo ya kitajiri: port out, starboard home, yaani kushoto kwenda, kulia kurudi. Sasa sijui hadithi hiyo inamtetea yeye au mimi.

Wakala amenibakishia vyumba viwili. Cha kwanza kiko kulia, juu, karibu na omo, yaani mbele ya meli, sitaha moja chini ya ukumbi wa bafe. Cha pili kiko kushoto, sitaha ya nane, katikati ya meli, juu yake vyumba na chini yake vyumba. Cha kulia kimezidi dola 340 kwa sababu kiko juu. Kuna na bei ya tatu, ya chini kuliko zote, ambayo kampuni yenyewe inakuchagulia chumba safari ikikaribia. Wakala anataka malipo ya awali kufikia Ijumaa.

Nilipomuuliza mama anapenda upande gani, alinijibu bila kuinua macho kwenye kofia anayoishona: "Nitwalie wa demani." Nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu sikujua ninacheka nini. Meli ya injini ina demani?

Nichukue upande gani, Somo?

Mtoto wa Nahodha, Kent

* * *

Marahaba, mwanangu.

Chukua cha kushoto, kile cha katikati, na zile dola 340 mnunulie mama koti la mvua na soksi nzito za sufu. Lakini kabla ya Ijumaa kuna jambo kubwa kuliko kushoto na kulia, nami nalitanguliza lisije likapotea kwenye maneno ya roshani.

Umeandika "tunasimama Victoria jioni moja" kama mtu anayesema tutapita dukani. Victoria ni Kanada. Meli hazisimami pale kwa mapenzi tu. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozizuia meli zenye bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwarudisha Marekani bila kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera ya kigeni. Kwa hiyo safari inayoanza na kuishia Seattle lazima iguse Kanada mahali fulani. Mama yako, ikiwa anasafiri kwa pasi ya Kenya, anahitaji viza ya Kanada hata kama hana nia ya kushuka melini. Hati hukaguliwa gatini Seattle, na aliyepungukiwa hubaki gatini na sanduku lake. Angalia vilevile viza yake ya Marekani. Kama ni ya kuingia mara moja tu, usikisie. Mtafute mwanasheria wa uhamiaji akwambie atarudije kutoka Victoria. Viza ya Kanada haitoki kwa wiki moja. Mwambie wakala hivyo, umwombe akushikie chumba, na umuulize malipo ya awali yanarudishwa mpaka tarehe gani.

Haya, sasa turudi kwenye vita vyenu.

Kaka yako hakukosea. Anazungumzia safari nyingine tu. Kuna meli zinazokwenda upande mmoja, kutoka Vancouver mpaka Whittier au Seward, bandari za Alaska, na abiria wakarudi kwa ndege. Huko upande una maana, kwani ukipanda kaskazini nchi iko kulia kwako, na hutapata siku ya pili ya kusahihisha. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilipanda moja ya hizo nikachukua kushoto, kwa ajili ya nafuu ya bei. Siku moja alasiri nilikuwa nimekaa ndani na kikombe cha chai, kipaza sauti kikatangaza nyangumi upande wa kulia. Nilitoka na kanga na ndara, nikakata ujia, nikapita lifti, nikafika upande wa pili nikiwa nahema. Nilichokiona ni migongo ya watu, tena ile mipana, na mzee mmoja akashusha kamera yake akaniambia kwa upole kwamba ameshazama.

Safari yako ni ya duara. Upande uliokuwa wa bahari mkienda ndio utakaokuwa wa nchi mkirudi, na hesabu ya kaka inaliwa na safari yenyewe. Tena inaliwa vibaya, kwa sababu meli nyingi kubwa zitokazo Seattle hazipiti ule mkondo mwembamba wa ndani, kati ya kisiwa cha Vancouver na bara, ambao meli zitokazo mji wa Vancouver huupita. Huzunguka nje, magharibi ya kisiwa, kwenye Pasifiki iliyo wazi. Siku nzima ya pili kulia kwenu kutakuwa na bahari, na kushoto kutakuwa na bahari. Atakayelipa dola 340 za ziada siku hiyo atakuwa amelipia maji yaleyale.

Mkishaingia kati ya visiwa vya Alaska, milima inakuja pande zote mbili. Ule mlango wa bahari unaopanda kutoka Juneau mpaka Skagway, Lynn Canal, ni kama kupita kwenye ujia wa Mji wa Kale, ukuta huku na ukuta kule, ila kuta zenyewe zina theluji kichwani. Bandarini upande ni bahati nasibu. Nahodha na rubani wa bandari ndio wanaoamua meli ilale gatini kwa ubavu gani. Skagway kuna gati lililo chini ya jabali ambalo mabaharia wamelichora majina ya meli zao, na wenye vyumba vya upande huo hunywa chai wakisoma mwamba. Ketchikan upande mmoja utaona mji, wa pili utaona ndege ndogo zikitua majini kama bata. Mama, nadhani, atapenda hizo ndege.

Na nyangumi wa shoga yako aliwaona kushoto kwa sababu alikuwa kushoto.

Kuna siku moja ambayo watu wengi huiogopa, na ni kwa ajili yake wanagombania upande. Ni siku ya Glacier Bay. Nitaieleza taratibu, maana ndiyo utakayoikumbuka wewe na mama.

Mwaka 1794 msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulipopita pale, ghuba yenyewe ilikuwa karibu haipo. Walichokikuta mdomoni ni ukuta wa barafu. Mwaka 1879 John Muir, mwandishi wa mambo ya asili, alipofika kwa mtumbwi na wenyeji, barafu ilikuwa imesharudi nyuma kilomita nyingi. Leo meli inaingia ndani kwa kiasi cha kilomita 100 kabla ya kuikuta. Haziruhusiwi meli kubwa za kitalii zaidi ya mbili kwa siku, na hakuna anayeshuka. Askari wa hifadhi hupanda kwenu asubuhi kwa mashua yao, wakakaa siku nzima wakieleza kwa kipaza sauti. Mwisho wa njia kuna barafu ya Margerie, ukuta wa upana wa kama kilomita moja na nusu, rangi yake si nyeupe bali buluu, ile buluu ya chupa ya maji ya zamani. Meli inasimama. Injini inashuka mpaka unasikia vipande vya barafu majini vikitoa mlio mdogo, kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Kisha kipande kinakatika juu, na sauti yake inakufikia baada ya macho kuona kikianguka. Watlingit, wenye nchi yao, mlio huo huuita radi nyeupe.

Nahodha hatawaacha watu wa upande mmoja wakitazama milima mitupu. Hukaa pale muda wa saa nzima hivi, akiigeuza meli polepole papo hapo, ubavu wa kulia uone, kisha wa kushoto. Mama hatalazimika kuinuka kitini. Barafu itamzungukia yeye.

Kwa hiyo upande tuuweke kando, tutazame vyumba vyenyewe, maana hapo ndipo wakala wako alipokuwa anakuuzia urefu wa jengo.

Meli baharini ni kama pembea ya watoto, ule ubao wenye mtoto huku na mtoto huku. Wa pembeni hupanda na kushuka, aliyekaa katikati hajui kitu. Chumba cha omoni, tena cha juu, ndicho kiti cha mwisho cha ubao. Siku mtakayokuwa Pasifiki wazi, mtu mwenye miaka 71 na magoti mabovu atatembea huko akishika kuta. Na roshani za mbele zinapigwa na upepo wa mwendo, kwani meli ikienda kilomita 35 kwa saa hutengeneza upepo wake yenyewe, uwe na hewa tulivu au usiwe nayo. Mlango wa roshani unakuwa mzito kuuvuta, na chai inapoa kabla hujaimimina.

Halafu bafe juu ya kichwa. Mwanangu, niliwahi kulala chini ya ukumbi wa chakula. Saa kumi na nusu alfajiri wafanyakazi wanaanza kupanga viti, kila kiti kinaburutwa, na wewe uliye chini unaamka ukidhani ghorofani watu wanahama. Wakimaliza viti wanakuja na matoroli. Chumba ambacho juu yake ni vyumba na chini yake ni vyumba maana yake majirani zako wote wamelala. Hicho ndicho cha kushoto, na ajabu ndicho cha bei nafuu.

Na ile bei ya tatu iache. Ni nzuri kwa vijana wanaokuja chumbani kubadilisha nguo tu. Wewe unamfungia safari mama, huwezi kumwachia mtu wa ofisini akutupie kiti cha mwisho cha ubao.

Mambo machache ya kuhakikisha kwenye hicho cha kushoto. Sitaha ya nane kwenye meli nyingi iko karibu na boti za kuokolea. Fungua ramani ya sitaha uone kama roshani yako inatazama chini kwenye maji au kwenye paa za boti. Usiende kwa namba ya chumba, eti shufwa ni huku na witiri ni kule, kwa sababu kila kampuni ina mtindo wake. Tafuta omo kwenye ramani, ielekeze mbele yako, ndipo utajua kushoto ni kushoto. Uliza lifti iko hatua ngapi. Na uliza kizingiti cha mlango wa roshani, hasa kwa ajili ya magoti. Kwenye baadhi ya meli kizingiti hicho ni kirefu kama cha nyumba za kale za kwenu, mgeni hujikwaa siku ya kwanza na mwenyeji hujikwaa siku ya tatu. Siku ya kupanda omba kiti cha magurudumu gatini, hata akikataa. Mpeleke hivyohivyo.

Hadithi ya posh sasa. Hakuna aliyewahi kuonyesha tikiti yenye herufi hizo, na wanaochimba asili ya maneno ya Kiingereza wanaihesabu kuwa hadithi ya kubuni, nzuri kusimulia mezani. Hesabu ya kivuli iliyomo ndani yake lakini ni ya kweli. Ukivuka Bahari ya Hindi kuelekea mashariki, ubavu wa kushoto unatazama kaskazini, jua liko upande wa pili. Ukirudi, mambo yanageuka. Ila mwambie kaka kwamba hao walikuwa wanalikimbia jua. Nyinyi mnakwenda kulitafuta. Alaska mwezi wa Juni mchana ni nyuzi 15 hivi, zaidi kidogo ukibahatika, na Ketchikan inanyesha zaidi ya mita 3 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo hata saa moja ya jua ni zawadi. Mkipanda kaskazini, jua la alasiri litaangukia kushoto, yaani kwenu, na halina haraka: katikati ya Juni Juneau jua linazama kama saa nne usiku, na kabla ya saa kumi alfajiri limeshatoka tena. Mkirudi litahamia kwa wenzenu wa kulia. Kwenda ndiyo siku mtakazokuwa na hamu ya kukaa nje, kurudi mtakuwa mmechoka na kupiga picha, mnafunga masanduku.

Mama wa Lamu atataka kujua kibla, nawe usingoje aulize. Pale juu duniani njia fupi ya kwenda Makka inapita karibu na ncha ya kaskazini, kwa hiyo kibla cha Juneau ni kaskazini, kimeegemea mashariki kidogo tu. Mkipanda, basi, aelekee kwenye omo, na mkirudi aelekee tezi, nyuma ya meli. Meli ikikata kona atahitaji dira ya simu, lakini takriban ndivyo. Nyakati za isha na alfajiri zitamchanganya kwa huo mchana usiokwisha. Hilo muulizeni sheikh wa msikiti wenu kabla ya safari. Chakula cha halali kinaagizwa kwa kampuni wiki kadhaa mapema. Ukingoja mpaka mezani utaletewa samaki siku saba, ingawa samaki wa Alaska hawana ubaya.

Nimebakiza demani makusudi.

Ulicheka kwa sababu kwako meli ina kushoto na kulia. Kwenye jahazi la baba yako pande hizo hazikuwa na kazi kubwa. Kulikuwa na joshini, upepo unakotoka, na demani, upepo unakokwenda, na tanga likibadilishwa upande uliokuwa joshini asubuhi ndio unakuwa demani jioni. Mtu hakukata tikiti ya demani. Alihamia, na mkeka wake chini ya kwapa. Mama hajalala chomboni, lakini miaka yote ile alikuwa akisikiliza, na alichokiokota ni kwamba demani ndiko kuliko kavu, rashasha haikupigi. Na anayetapika hutapikia demani, hilo nalo lazima baba alimwambia.

Kwa hiyo mama hakukuchagulia kushoto wala kulia. Amekuomba mahali pasipo na upepo na pasipo rashasha. Kwenye meli ya injini upepo mwingi unatoka mbele, unakatwa na kiwambo cha roshani ya jirani, na mahali pa utulivu ni pale kati ya omo na tezi. Siku ambayo upepo utakuja ubavuni, mkunje kwenye blanketi, mchukue mpite katikati ya meli taratibu, mkakae kwenye viti vya upande wa pili mpaka utulie. Atajua mwenyewe saa ya kuhama. Mwachie yeye aamue, na usishangae akikwambia mapema kuliko nahodha.

Akiuliza umemtwalia upande gani, mwambie wa demani.

Somo